Mboga Kutoka Bustani ya Kasri

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Paskalia alikunywa chai jikoni na bibi yake, Bibi Kasiani, aliyekuja Tensta, mtaa wa Stockholm, kutoka Marangu kumtembelea binti yake, mama wa Paskalia. Stockholm ilimpendeza Bibi, ila mboga zilimshinda. "Spinachi yenu hii ni maji matupu," alilalamika kila siku. "Hata mnavu hamna!"

Asubuhi hiyo, siku ya kwanza ya muhula, Bibi alikuwa akichambua majani mabichi huku akiimba. Paskalia alikuwa ameyaleta jana yake kutoka Ireland, alikokwenda na mama yake kumsalimia mama mdogo Gladness.

"Mbona majani yake makubwa hivi?" Bibi aliuliza. "Mnavu huu mlinunua wapi?"

"Sokoni, Bibi, kwa Wakenya. Mnavu wa Ulaya ndivyo ulivyo," Paskalia alijibu, akachukua mkoba wake haraka.

Ulikuwa uongo mtupu. Majani hayo aliyachuma katika bustani ya kasri la kale, baada ya kupenya chini ya kamba iliyowazuia wageni. Alitaka kumfurahisha Bibi. Lakini alijua mama yake angemgombeza, hivyo aliyaficha ndani ya soksi zake.

Shuleni wanafunzi waliweka simu zao katika sanduku la mwalimu kama kawaida, kisha wakaanza kusimulia likizo zao. Zamu ya Paskalia ilipofika, Mwalimu Ingrid alionyesha ukutani picha alizotumiwa na mama wa Paskalia. Paskalia akasimulia kwa madaha kuhusu kasri lenye kuta nene, na darubini ndefu ambayo mtu mzima angeweza kusimama ndani ya bomba lake. Bwana wa kasri aliitumia kuchunguza nyota kabla ya taa za umeme.

Ikafuata picha ya bustani. Paskalia alikuwa akitabasamu mbele ya kamba. Nyuma yake yalionekana majani yale yale, na kando yake kibao chenye picha ya fuvu la kichwa. Siku ile hakukiona, maana macho yake yalikuwa yakiwatafuta walinzi.

"Kumbe walikuwa na bustani ya mimea ya sumu!" alisema mwalimu. "Wataalamu waliichunguza ili wapate dawa. Mmea huo unaweza kumuua mtu."

Paskalia aliitazama saa ya ukutani. Saa ya chakula cha mchana ilikuwa imekaribia. Akisema, darasa zima litajua kuwa ni mwongo na mwizi. Asiposema, Bibi atakufa.

"Mwalimu, bibi yangu anayapika!" alisema. "Niliyachuma mimi. Nilimdanganya."

Mwalimu alipiga simu nyumbani. Iliita bila kupokelewa, kwa kuwa Bibi akiwa jikoni huiacha simu chumbani. Wakatoka mbio, mwalimu akiita gari la wagonjwa njiani. Kila hatua Paskalia aliomba, "Mungu wangu, asile. Asile."

Walipofungua mlango, harufu ya karanga na vitunguu ilijaa nyumba nzima. Ugali ulikuwa mezani, umefunikwa.

"Bibi, umekula?"

"Nile vipi bila wewe?" Bibi alishangaa. "Kwetu aliyeleta mboga huanza yeye. Mimi nimeonja chumvi tu."

"Umeonja?" Paskalia alilia. "Bibi, sikununua! Niliiba kwenye bustani ya sumu!"

Bibi alijishika mdomo. Tayari ulikuwa umeanza kumkauka.

Hospitalini walingoja kwa hofu. Jioni daktari alisema Bibi atapona, kwa sababu alionja kidogo na aliwahishwa. Mama, ambaye ni muuguzi katika hospitali ya Flemingsberg, alikuwa amekuja mbio kutoka kazini. Alimkalisha binti yake kando ya kitanda.

"Bibi yako anaujua mnavu tangu utotoni. Macho yake yalimwambia kuna kasoro, lakini alikuamini wewe kuliko macho yake," alisema. "Ungemwambia ukweli, asingeyatia majani hayo sufuriani. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Leo umeaibika mbele ya wenzako, lakini aibu hiyo ndiyo iliyomwokoa. Usiuogope tena ukweli."

Paskalia aliushika mkono wa Bibi. Bibi alifumbua macho.

"Mjukuu wangu," alisema kwa sauti kavu, "kesho ninunulie spinachi."