Kitabu Walichokianzia Mwisho

Wewe ulikuwepo. Usinikunjie uso. Jumamosi ile ya mwezi wa tatu, mwaka 1997, saa nne kasoro asubuhi, ulikuwa kwenye ngazi za stesheni ya Gare du Nord, Brussels, na mkate wako ndani ya karatasi, na msichana mwenye ushungi wa kijani alikuwa anahojiwa hatua tatu tu kutoka begani kwako. Ulisikia. Ukainua macho kwenye ubao wa saa za treni kana kwamba ubao umekuita jina. Mimi sisahau sura za watu wanaotazama ubao. Sasa kaa, nikuambie uliyempita alikuwa nani.

Jina lake Rukiya. Miaka kumi na saba, mtoto wa Buyenzi, Bujumbura. Baba yake aliuawa mlangoni pa duka lake mwenyewe, na yeye na mama yake, Mwanakombo, wakaja kuishia mtaa wa Ixelles, chumba kimoja juu ya saluni, mahali ambapo harufu ya nywele zilizopigwa pasi ilipanda ngazi na kukaa ndani ya chai. Mama alifagia saluni. Rukiya alisoma, na Jumatano mchana, shule zikifungwa, alipeleka taulo za saluni kuoshwa kwenye mashine za kulipia za mtaani.

Jumatano moja ya Oktoba, Matonge, soko la Waafrika wa Ixelles, imejaa kama kawaida, akina mama wamesimama katikati ya njia wakichagua pondu, majani ya muhogo, muziki wa duka hili ukigombana na wa duka lile, Rukiya aliweka fuko la taulo chini mbele ya duka la vitabu vikuukuu la mzee Antoine. Kwenye sanduku la nje aliona kitabu kinene cha katuni za Kijapani. Msichana wa jaladani alikuwa na macho makubwa kama visahani, amevaa sare ya shule yenye kola ya mabaharia, maua yanamdondokea. Wajapani wa makampuni, miaka yao ya Brussels ikiisha, walikuwa wakirudi kwao na kuacha vitabu kama hivyo. Alikishika. Kikakataa kutoka. Mkono mwingine ulikuwa umekishika upande wa pili.

"Wachilia, dada. Mi ndiye niliiona mbele."

"Uliiona kwa jicho gani? Mkono wangu ndio uko juu."

"Ah! Mutu ya Buyenzi! Nasikia tu hiyo Swahili ya kupigwa pasi." Mvulana alicheka. Koti la jeans, suruali pana iliyofagia njia, viatu vyeupe alivyovipaka chaki viwe vyeupe zaidi. "Bon. Unajua kusoma Kijapani?"

"Wewe je?"

"Hata moja."

"Sasa tunagombania nini?"

Alikuwa Cédric, mtoto wa Bukavu, na walipoulizana shule ikaonekana wanasoma jengo moja, madarasa yamepakana ukuta. Walichangia bei, nusu kwa nusu, wakaenda kukifungulia kwenye mashine za kufulia, kwa sababu pale kulikuwa na joto na hakuna wa kuwafukuza.

Cédric alijua kuchora. Rukiya alijua maneno. Basi wakatengeneza kazi yao: Rukiya alikata vijikaratasi vyembamba, akavibandika juu ya viputo vya maneno ya Kijapani, akaandika humo Kiswahili alichokibuni mwenyewe kwa kuangalia picha. Cédric alichora upya nyuso kwenye daftari. Kila Jumatano kurasa tano, sita, mashine zikizungusha taulo za watu.

Walikifungua kama kila kitabu kinavyofunguliwa. Ukurasa wa kwanza: stesheni, mvulana anakimbia, treni inaondoka, mkono wa msichana juu ya kioo. Kurasa za mbele yake, wawili hao wanatembea bega kwa bega. Mbele zaidi, wanaoneana haya. Mwishoni kabisa, ngazi za shule: msichana anapanda, mvulana anashuka, kila mmoja anatazama kwake, hawajuani.

"Bajapani ni bantu ya huzuni, hein," Cédric alisema. "Banaanza na mapenzi, banamaliza bila hata bonjour."

Rukiya alishindwa kuandika kwenye ukurasa ule wa ngazi. Alibandika vijikaratasi akaviacha vyeupe.

Lakini kwingine kote aliandika. Mdomoni mwa msichana wa macho makubwa alitia: *Ukicheka nasahau kama nina njaa.* Alitia: *Ukiita jina langu, mtaa mzima unazimika.* Cédric alisoma kwa sauti, kidole kikitembea, na Rukiya alikunja taulo ileile mara nne.

"Unatoa wapi hii mambo yote, Rukiya?"

"Kichwani."

Uongo. Na wewe unajua, maana hata wewe uliwahi kuwa na miaka kumi na saba.

Mwezi wa kumi na mbili simu ya saluni ililia. Mama wa saluni akapiga kelele juu: "Rukiya! Bwana yako!" Wateja wakacheka chini ya makofia ya kukaushia nywele. Rukiya alishuka ngazi mbili mbili.

"Allô?"

"Rukiya! Imekubali! Maneno yako imekubali!"

"Imekubali nini?"

"Jémima! Wa korali, mwenye kusuka na uzi ya dhahabu. Nilimuambia: ukicheka nasahau kama niko na njaa. Alilia! Rukiya, Jémima alilia mbele ya bantu!"

Rukiya alitazama nywele zilizokatwa sakafuni. Zilikuwa nyingi siku ile, kulikuwa na harusi.

"Alilia kweli?"

"Kabisa! Donc, uniandikie ingine. Tafadhali, kadada yangu. Mi bila weye ni bubu."

Akamwandikia. Barua saba kwa jumla, za Noeli, za mwaka mpya, za mwezi wa pili. Kila moja aliandika kama anamwandikia Cédric mwenyewe, na kila moja ilifika kwa Jémima ikapokelewa kwa busu. Usimwite mjinga. Mtu mwenye kiu hanusi kwanza glasi.

Jumapili moja Cédric alimwalika kwao. Baba yake, tonton Donatien, alikuwa na kitambulisho cha kudumu, suti ya kijivu ya misa, na sheria moja. Katika chumba cha nyuma alilala Patient, mpwa wake, ambaye hakuwa na karatasi yoyote. Kwa hiyo kila Jumapili, kabla mboga ya sombe haijapita mezani, tonton aliwauliza watoto kama katekesi:

"Polisi akikuuliza juu ya muntu?"

"Sijue!" watoto wakaitika kwa pamoja.

"Hata kama ni jirani?"

"Sijue!"

"Hata kama ni ndugu yako wa tumbo moja?"

"Sijue!"

"Unaonyesha carte yako, jina yako, nyumba yako. Basi. Amina."

Meza nzima ilicheka. Maman Claudine, mama yake Cédric, alimwongezea Rukiya samaki: "Kula, mutoto. Uko kamba." Rukiya naye alicheka. Alikuwa mgeni, ameshiba, amekaa karibu na kiwiko cha anayempenda. Angelijuaje kwamba wanamfundisha mtu kumkana?

Jumatatu ya wiki ile ya mwezi wa tatu, barua ilifika. Wewe unazijua barua zile, hata kama hujawahi kupokea. Karatasi nzuri, mhuri mzuri, na ndani yake siku tano za kuondoka nchini. Mwanakombo aliikunja akaiweka chini ya Msahafu.

"Tunakwenda kwa shangazi yako Warda, Rotterdam," alisema. "Jumamosi, treni ya saa nne na robo. Usimwambie mtu."

"Mama, kuna mtu mmoja."

Mama alivuta begi kutoka chini ya kitanda. "Najua. Mtaa wote unajua, isipokuwa yeye."

Jumanne Rukiya alikwenda kwa mzee Antoine kuomba karatasi ya kufungia kitabu, amwachie Cédric kama zawadi. Mzee alipoona vijikaratasi vya Kiswahili alicheka mpaka miwani ikamteleza, kisha akakigeuza kitabu.

"Mtoto wangu," alisema kwa Kifaransa, "Wajapani wanaanzia upande huu. Nyinyi mmeanzia mwisho."

Rukiya alikaa juu ya sanduku la majarida akakisoma upya. Ngazi za shule: wawili wasiojuana. Kisha haya. Kisha bega kwa bega. Kisha stesheni, na mvulana anayekimbia hafukuzi kilichopotea, anakuja kusema lile aliloshindwa kulisema kitabu kizima. Kumbe hadithi ilikuwa inapanda. Wao ndio waliokuwa wakiishusha, Jumatano baada ya Jumatano.

Alibandua kijikaratasi cha ukurasa wa stesheni akaweka kipya: *Cédric, yote nilikuandikia wewe. Hata yale ya Jémima. Jumamosi saa nne, Gare du Nord, penye treni, quai ya tisa. Anzia upande huu.* Alhamisi alikiacha kwa mlinzi wa shule. Ijumaa jioni alipiga simu kutoka kwenye kabini ya simu ya njiani.

"Allô, ni nani?" Maman Claudine.

"Ni Rukiya, maman. Cédric alipata kitabu?"

"Ile ya Bachinois? Iko nayo kitandani tangu jana, ananyamaza tu kama muntu mwenye kufiwa. Mulifanya nini, nyiye?"

"Hatujafanya kitu, maman. Umwambie nimesalimia."

"Kuya kumusalimia mwenyewe, dimanche, baada ya misa. Nitapika samaki."

"Asante, maman." Na hakuweza kuongeza neno, sarafu ilikuwa imekwisha.

Jumamosi alivaa ushungi wa kijani, ulionyoshwa kwa pasi ya saluni, na koti la bluu la mama lililomfika magotini. Mwanakombo alikaa kwenye benchi la quai ya tisa katikati ya mabegi mawili, karatasi zao zote ndani ya moja. Saa nne kasoro Rukiya hakuvumilia tena, akashuka ngazi kutazama.

Cédric alikuwa anapanda. Viatu vyeupe, kitabu kwapani. Moyo wa Rukiya ulifanya kile ambacho viputo vyote mia tatu vilishindwa kukisema.

"Ulikuja."

"Nilikuya." Alisimama ngazi moja chini yake. "Nilisoma yote. Mara mbili, upande ya kweli." Akakihamishia kitabu kwapa la pili. "Rukiya, sitakudanganya. Moyo yangu iko kwa Jémima."

"Najua. Ni mimi niliyekupelekea."

"Mi niko mubaya?"

"Hapana. Uko bubu, ulisema mwenyewe." Alijaribu kucheka, na kidogo akaweza. "Sikukuita unipende kwa nguvu. Nilitaka tu ujue. Sasa unajua, naweza kwenda."

"Utaniandikia?"

"Kwa nani? Kwa wewe ama kwa yeye?"

Wakacheka wote wawili, na ingeweza kuishia pale. Ingekuwa hadithi ya huzuni ya kawaida, ya kusimuliwa saluni. Msichana angepona. Wanapona.

Lakini wanaume wawili wenye sare walikuwa wanashuka ngazi, wakimtazama ushungi.

"Karatasi, mademoiselle."

Karatasi zilikuwa kwa mama. Kuzionyesha ni kuwaonyesha benchi alipokaa mama. Rukiya alifikiri haraka kuliko alivyowahi kufikiri shuleni.

"Nimeziacha nyumbani, monsieur. Mimi ni mwanafunzi. Muulize huyu, tunasoma pamoja."

Yule mkubwa alikuwa amechoka, zamu yake ilikuwa inaisha. Alitazama kitambulisho cha Cédric, akakirudisha. "Kama mnasoma pamoja sawa, niambie ni shule gani, twende zetu. Unamfahamu?"

Neno moja. Watu wanapanda, watu wanashuka, wewe na mkate wako. Rukiya alimgeukia Cédric. Aliona midomo yake inafunguka, akaona nyuma ya macho yake meza ya Jumapili, suti ya kijivu, Patient kwenye chumba cha nyuma, sauti za watoto.

"Simjui," Cédric alisema kwa Kifaransa. Alitazama kando. Kisha, kwa sauti ndogo ya mtoto aliyezoeshwa: "Sijue."

Akashuka. Yeye chini, askari wakimpandisha yule msichana kwa mkono hadi mlango wa kituo chao katikati ya ngazi, kila mmoja anatazama kwake. Ukurasa wa ngazi ulikuwa umekaa bila maneno siku zote. Sasa ulipata.

Rukiya hakupiga kelele, kwa sababu kelele ingefika quai ya tisa. Mwanakombo aliacha treni tatu zipite, mabegi mawili miguuni, akitazama mdomo wa ngazi. Binti alifungiwa kwenye nyumba ya nyavu ya wanaofukuzwa nchini, karibu na uwanja wa ndege, na siku ya kumi na mbili alipandishwa ndege ya kumrudisha kwao. Hakuna barua iliyofika saluni. Cédric bado anacho kitabu. Hakifungui upande wowote.

Unataka nimlaani Cédric peke yake. Hapana. Yeye alifundishwa kwa woga, mezani, akiwa na njaa. Wewe nani alikufundisha? Ngazini mlikuwa watu arobaini. Mmoja tu angesema "huyu ni wa mtaani kwetu", yule askari aliyechoka na zamu angekwenda zake.

Basi usiniambie imekuumiza. Simama. Jirani yako asiye na karatasi yuko nyuma ya ukuta huo unaouegemea. Leo hii, kabla hujala, gonga mlango wake, ujue jina lake, jina la mama yake, shule ya watoto wake, ili ukiulizwa usigugumize. Na kama watoto wa Donatien walivyozoeshwa lile neno lao, uzoeshe mdomo wako neno jingine, kwa sauti, hapo ulipo.

Polisi akikuuliza juu ya mtu?

Jibu. Nakusubiri. Sema: namjua.