Asumini Zilizogeuka Manjano

Jumatatu tarehe tano Agosti 1996, saa mbili kasorobo asubuhi, Bi Mwanakuu alipanda juu ya dari ya nyumba yake, nyuma ya Ndia Kuu, akavitazama vyungu vyake kumi na viwili vya asumini, akateremka bila kuchuma hata kikonyo kimoja. Kufika saa nne, mtaa mzima ulikuwa na habari mbili. Ya kwanza, miasumini ya Bi Mwanakuu imegeuka manjano. Ya pili, aliyeidhuru ni Mutanu, mpangaji wa chini, na amepewa hadi Ijumaa awe amehama.

Habari hiyo ya pili ndiyo iliyomleta Kache. Kache alikuwa mkaazi wa Buxton na mtunza miche katika kitalu kimoja kisiwani, mwanamke mwenye tabia ya kuamini jani kabla ya kuamini mtu. Jumanne Mutanu alimfuata kazini. Hakulia. Alisema amekaa nyumba ile miaka sita akifua nguo za watu, mwanawe Kioko ana mtihani mwaka huu, na ameitwa mchawi mlangoni mbele ya wanawake wote wa mtaa. Alichotaka ni mtu anayejua mimea aende akaitazame.

Jumatano saa nne Kache alipiga hodi. Salamu zilichukua muda wake, maana nyumba za Mji wa Kale hazianzi neno kabla ya kuulizana hali, na kahawa ikaletwa. Ndipo Bi Mwanakuu akamwaga lililomjaa. Yeye ndiye mfunga vikuba, vile vishada vya asumini, wa mtaa; hakuna bibi harusi aliyetoka pale bila asumini zake kifuani. Sasa Alhamisi ijayo ni zamu ya Shukri, mwanawe wa pekee, na mama mtu itambidi akanunue maua kwa Nyevu wa Bondeni, mshindani wake wa miaka ishirini. Alisema fedheha hiyo ataingia nayo kaburini.

"Na kwa nini Mutanu?" Kache aliuliza.

"Mwanangu, huyo hupanda juu kuanika nguo kila siku. Maji ya sabuni ayamwaga wapi? Nilimwambia lile pembe la vyungu si lake, akanuna. Siku ya tatu majani yakaanza kugeuka."

"Mwingine apandaye juu?"

"Nyevu alikuja mara moja, akaisifu mpaka nikaogopa jicho. Mimi hupanda jioni kutia maji, na Jumatatu asubuhi kuchuma. Magoti hayanipi zaidi."

"Na Shukri?"

Bi Mwanakuu aliguna. Shukri alikuwa amewekwa ndani tangu nyumba ipigwe chokaa kwa ajili ya harusi, wiki tatu sasa. Anasuguliwa singo ya liwa na mawaridi asubuhi na jioni ang'ae, na jua halimwoni. Kumuuliza yeye habari za dari ni kama kumuuliza maiti habari za soko.

Kache alipanda peke yake. Akapiga magoti kwenye chungu cha kwanza, akaanza na majani, kama kawaida yake. Mmea wenye njaa huanza kugeuka manjano chini, kwenye majani makuukuu. Hapa ya chini yalikuwa kijani, na ya manjano yalikuwa machanga ya juu, tena mishipa yake imebaki kijani kibichi, kama wavu uliotandazwa. Maji ya kisima yenye chumvi huunguza jani ukingoni; kingo hizi zilikuwa nzima. Mmea uliozama maji mizizi yake huoza na kunuka. Alichimbua kidogo kwa kidole, akanusa, akaona udongo mzuri tu. Jicho la Nyevu alilisamehe papo hapo, kwa kuwa jicho haliachi ukoko mweupe juu ya udongo, na ukoko huo ulikuwepo katika vyungu vyote kumi na viwili.

Akaumega kidogo, akautia ulimini. Haukuwa na chumvi wala utelezi wa sabuni.

Aliteremka hadi kwa Mutanu. Mlangoni pake palikuwa na chungu kidogo cha asumini, kitawi alichopewa na Bi Mwanakuu mwenyewe siku walipokuwa wakipatana. Kache aliuliza anakinywesha nini. Mutanu alisita, akaogopa kujitia kitanzi, kisha akasema kweli: maji ya kusuuzia nguo, maana ya mfereji hayatoki na ya mkokoteni ni ya kupikia. Kwa sabuni hiyo hiyo aliyoshtakiwa nayo, mmea ulikuwa umesitawi, kijani kitupu. Kache aliomba ndimu, akarudi juu, safari hii na Bi Mwanakuu nyuma yake akilalamikia kila kipandio.

Akakamua ndimu juu ya ukoko. Ukachemka povu kwa sauti ndogo.

"Sabuni haifanyi hivi," alisema Kache. "Hii ni chokaa, Bi Mwanakuu. Ikizidi udongoni, mmea hushindwa kula chakula kilichomo, na majani machanga ndiyo hulia kwanza."

"Mafundi walipiga ukuta, hawakugusa vyungu vyangu."

Kache alinyoosha mkono penye pembe ya dari. Mafundi walikuwa wameacha pipa la chokaa nusu. Chokaa yote ilikuwa imetuama chini, na maji ya juu yalikuwa maangavu, safi kiasi cha kumdanganya mwenye kiu. Ukingoni palining'inia kata ya kifuu. Kache aliinusa kwenye mpini, akampa Bi Mwanakuu. Mpini ulinukia liwa na mawaridi.

Bi Mwanakuu aliinusa, akainusa tena. Katika nyumba nzima, mtu anayenukia singo ni mmoja. Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hawakukosea, na Kache alimwonea huruma.

Saa sita na robo walisimama watatu pamoja na Shukri chumbani kwake, kata juu ya kitanda. Msichana aliitazama, akakaa chini.

"Nilikuwa napanda alfajiri, mama. Nilishindwa na hewa ya humu. Nilitaka nione bahari tu, watu wakiwa hawajaamka. Nikaona nisipande bure, nikutilie maji, magoti yako yapumue. Yale ya pipani niliona masafi, na maji kuyaacha yapotee ni dhambi, wewe ndiye uliyenifunza."

"Na Mutanu nilipomtukana, ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ukanyamaza."

"Sikujua kuwa ni yale maji. Lakini nilijua kuwa yeye hakutia sabuni, maana kila alfajiri nilikuwa juu na vyunguni sikuona hata povu lake. Ningesema, ungejua nimetoka. Nilijihurumia mimi." Alilia hapo, kwa aibu ya kweli.

Kache aliingilia kati kwa habari njema. Mizizi ilikuwa hai. Udongo wa juu utolewe, utiwe mpya wenye samadi iliyokwiva, pipa limwagwe, na kabla ya vuli majani yatatoka kijani. Kwa Alhamisi ijayo, alisema, hakuna ujanja; maua ni ya Nyevu.

"Nitakwenda kwa Nyevu," alisema Bi Mwanakuu. "Lakini kwanza chini."

Mutanu alikuwa akifunga vyombo kwa gazeti. Bi Mwanakuu alisema yote mlangoni, hakuficha la mwanawe wala lake, akamwomba radhi. Mutanu alisikiliza akiwa ameshika sahani aliyokwisha kuifunga.

"Nimekusamehe, Bi Mwanakuu," alisema. "Lakini uchawi hukuniitia humu ndani. Uliniitia nje."

Ilikuwa Adhuhuri, watu wanatoka msikitini na wanawake wamekaa vibarazani. Bi Mwanakuu alitengeneza buibui, akatoka hadi katikati ya njia, akaita majina yao mmoja mmoja, wale wale wa Jumatatu, hata wakamgeukia wote. Akawaambia kwa sauti ile ile: Mutanu hana kosa, kosa ni la nyumba yangu, na mimi nimemzulia mtoto wa watu.

Ndani, Mutanu aliifungua ile sahani kutoka gazetini, akairudisha kabatini.