Ngozi Isikauke

Gobore lilianza kukohoa mchana kweupe, likiwa limetundikwa ukutani kwa fundi Kombe pale Msambweni. Kikohozi kidogo, cha mtoto. Kombe akageuka akidhani ni bintiye Mwanasha, kumbe Mwanasha yuko uani na mamake.

Uhuru ulikuwa unatimiza mwaka, na Mzee Chome alikuwa amelileta gobore lake kutoka Samburu, kwa Waduruma, ili lilie siku ya sherehe. "Uondoe kutu, kisha uufunge mtutu vile vile," aliagiza. Vile vile! Mtutu ulikuwa umeshikizwa kwenye mti wake kwa ngozi kuukuu ya mbuzi, nyeusi na yenye uvundo. Kombe, na maringo yake ya ufundi, alikuwa ameikata ngozi asubuhi ile akaitia motoni, akapiga pini za chuma na pete za shaba, akajisifu mwenyewe.

Kesho yake Mwanasha akaamka akikohoa, na kila alipopumua alinuka baruti. Dawa za hospitali hazikufaa, wala kisomo cha mwalimu wa chuo cha Kurani.

"Baba Mwanasha, mtoto anakwisha," Biasha alimnong'oneza mumewe. "Umefungua nini?"

Chome alipokuja na kuiona shaba, alilitungua gobore ukutani akaunusa mtutu. "Nilikwambia vile vile, mwanangu. Babu yangu alifunga jini mle kwa ile ngozi."

"Nisaidie, mzee wangu, sina mtoto mwingine," Kombe alisema, akilia bila haya.

Chome akachinja mbuzi. "Ngozi mbichi ikikauka hubana," alisema kwa sauti ya chini. "Pumzi ikiingia mtutuni, funga. Na usiikate tena kamwe, kilichomo kitapotea na upepo."

Kombe akang'oa pete na pini, akausogeza mdomo wa mtutu kwenye midomo ya mwanawe, na Chome alipokuwa akiita kwa Kiduruma, harufu ya baruti ikajaa chumbani hata macho yakawawasha, mtoto akatoa pumzi moja ndefu iliyopiga mluzi ndani ya chuma, na Kombe akaizungusha ngozi mbichi, akaivuta kwa meno, akafunga, akafunga, akafunga, mpaka mikono ikafa ganzi.

Kikohozi kikakoma. Mwanasha akaketi, mamake akapiga kigelegele na kumkumbatia. Mtoto akamtazama Kombe juu ya bega la Biasha.

"Ahsante, fundi," akasema kwa adabu.

Kombe akatoka mbio hadi barazani, ambako Chome alikuwa amelianika gobore juani. Akatega sikio.

"Baba," sauti ya Mwanasha ikalia ndani ya mtutu, "kunabana humu."

Akashika kisu, akakumbuka, akakitupa. Akakimbilia mtungi.

Tangu hapo Kombe hasafiri. Kutwa huimwagia ngozi maji isikauke, naye msichana aliyemo nyumbani, mwenye afya tele, humjia nyuma akamwambia kwa upole:

"Fundi, si uliache kidogo juani?"