Chumba Kimoja Kimebaki Dubai

"Na nani kakuomba ushauri?" Sikuzani aliuliza bila kugeuka.

"Hakuna. Nimetoa bure," alijibu mwanaume aliyesimama nyuma yake. "Hoteli hiyo usichukue. Utajuta."

"Utajuta wewe usipoondoa kidevu chako begani kwangu."

"Kidevu kiko mbali, dada. Hicho ni kivuli."

"Basi na kivuli kisogee!"

Watu waliokuwa wakisubiri kutoa kopi waliangua kicheko. Steshenari ya Selestina, jirani na stendi ya Masasi, ilikuwa na kompyuta moja tu yenye intaneti ya kuaminika, na asubuhi ile ilikuwa imegombewa kuliko kiti cha udiwani. Selestina ndiye aliyewakatia tiketi na kuwawekea vyumba wafanyabiashara wengi wa mji ule. Alikuwa ameshika mausi, anawasubiri wamalize kurushiana maneno.

Sikuzani alikuwa amevaa dera la rangi ya chungwa na mtandio mweusi. Vidole vyake vilikuwa na madoa ya mafuta ya ganda la korosho, yale ambayo hayatoki hata usugue na ndimu. Alikuwa na kiwanda kidogo cha kubangua korosho, na sasa alikuwa amealikwa kwenye maonyesho ya vyakula Dubai. Ilikuwa safari yake ya kwanza kwenda nje ya nchi, kwa jina lake na kwa jasho lake. Hakuwa na nia ya kuiacha iharibiwe na mtu asiyemjua.

"Tazama mwenyewe," alisema, akigonga kioo cha kompyuta kwa kidole. "Nyota tatu. Zulia. Kitanda kikubwa. Dakika tano kutoka ukumbini. Ina kasoro gani?"

"Dakika tano kwa gari, barabara ikiwa tupu. Na Dubai barabara tupu sijaiona. Halafu chini kuna disko. Nimewahi kulala hapo. Kabati lilikuwa linacheza peke yake."

Hapo ndipo Sikuzani alipogeuka. Alimkuta mwanaume mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikononi ingeweza kukata mkate. Macho yake yalikuwa yanacheka, mdomo umejikaza. Sikuzani aliudhika kuona kwamba anapendeza.

"Haya, mtaalamu. Wewe hoteli unaichagua kwa kuangalia nini?"

"Bafu."

"Bafu?"

"Naanza na bafu. Nisipoona bomba linalotoka maji, naruka."

"Wewe ni mtu wa Newala!"

"Umejuaje?"

"Nani mwingine atapanda ndege mpaka Dubai kwenda kukagua bomba? Kwenu huko juu maji ni ya shida, mtoto akizaliwa anaonyeshwa dumu kwanza, mama yake baadaye."

Steshenari nzima ilicheka tena, na safari hii yule mwanaume alicheka kuliko wote. Alijitambulisha: Mujibu, muuza spea za pikipiki Newala mjini, na yeye alikuwa anakwenda Dubai mwezi ule ule kuchukua mzigo. Viza yake tu ndiyo ilikuwa haijatoka.

"Selestina," Sikuzani alisema, "acha nyota. Acha wanaosifia, hao huenda ni mashemeji wa mwenye hoteli. Nionyeshe wanaolalamika."

Mujibu alisogea karibu na kioo. Hilo hakuwa amewahi kulifikiria.

Wakaanza kusoma malalamiko, Selestina akitafsiri. Hoteli moja mteja alilalamika chumba hakina dirisha, dirisha la pichani ni pazia tu lililobandikwa ukutani. Nyingine mende. Nyingine lifti mbovu na chumba kiko juu kabisa. Kisha wakafika kwenye jengo moja la ghorofa nane mtaa wa Deira, hatua chache kutoka kituo cha treni, lenye jokofu chumbani, meza ya kuandikia na pasi. Mgeni mmoja alikuwa amelalamika kwa hasira: hakuna baa, hakuna muziki, wageni wote wanalala mapema kama shule ya bweni.

"Hiyo hiyo!" walisema wote wawili kwa pamoja, wakatazamana.

Selestina akabonyeza. Chumba cha Sikuzani kikapatikana.

"Na mimi viza ikitoka nitachukua hapo hapo," Mujibu alisema.

"Dubai nzima hoteli zimeisha?"

"Zipo. Lakini yenye wewe ni moja."

"Kwanza una mke?"

"Sina."

"Utakosaje, na shati limenyooka hivyo?"

"Napiga pasi mwenyewe. Naomba namba yako, nikuelekeze jinsi ya kupanda treni."

Namba alipewa. Kuhusu treni hawakuzungumza hata siku moja.

"Hujambo, Bosi Korosho?" Mujibu alikuwa akianza hivyo kila asubuhi.

"Sijambo, Fundi Bomba. Maji yametoka?"

"Yametoka kidogo, nimenawa uso ili nikupigie nikiwa msafi."

"Simu haioneshi uso, mpenzi."

"Umesemaje hapo mwisho?"

"Nimesema simu haioneshi uso."

"Kuna neno umelimeza, Sikuzani. Lirudie."

"Nina kazi mimi. Kwaheri."

Akawa anashuka kutoka Newala mara kwa mara, ati kufuata mzigo stendi. Mzigo gani huo usioisha, wanawake wa kiwandani waliulizana. Alikuja na ming'oko ya kuchemsha, vile viazi pori vya kusini, iliyofungwa vizuri, bado ina joto, na Sikuzani akamlisha wali wa nazi na samaki kwenye mgahawa unaotazamana na majabali ya Masasi. Walibishana juu ya kila kitu: pilipili, mpira, nani anaendesha pikipiki vizuri kati ya watu wa juu Newala na wa chini Masasi. Siku moja mvua iliwakuta, wakasimama chini ya bati la duka la vitenge, Mujibu akamfunika mtandio uliokuwa umeteleza bila kugusa hata unywele. Sikuzani alirudi nyumbani akijisema, haya sasa, nimekwisha.

Jambo moja tu alikuwa hajamweleza vizuri. Alimwambia aliwahi kuolewa akaachika, basi. Hakumwambia aliolewaje, jambo alilowahi kumsimulia Selestina peke yake. Alikuwa na miaka kumi na tisa, ametoka kuteka maji, akakuta mikeka imetandikwa uani kwa mjomba wake Suleimani kule Chiungutwa. "Mume wako amekuja," mjomba alisema, kama mtu anayesema kuku wamerudi bandani. Hakuna aliyemuuliza. Mume yule alikuwa mgeni siku ya kwanza, na siku ya mwisho alikuwa bado mgeni. Sikuzani alipotoka kwenye nyumba ile alijiapia kitu kimoja: wa pili, kama yupo, ataniuliza mimi kwanza. Mimi, kwa mdomo wake.

Sasa Mujibu, mtoto wa watu mwenye adabu zake, akafanya kile ambacho kila mwanaume mwenye adabu hufanya kwenye nchi hii. Alianzia kwa mjomba.

Simu ya mzee Suleimani iliingia mchana, Sikuzani akiwa anafungasha korosho.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Sikuzani, mume wako amekuja."

Pakiti ilimponyoka mkononi.

"Mume gani, mjomba?"

"Huyu kijana wa Newala. Mtu mzuri, nimempenda. Anasema mnasafiri pamoja Uarabuni. Hoteli imejaa, amekosa chumba, kimebaki chako. Basi nimeona ni sawa mfungishwe ndoa mkakae humo wote. Nimeshaongea na baba yako mdogo."

Sikuzani aliaga kwa heshima, akatoka nje, akapiga Newala.

"Mujibu. Umekwenda Chiungutwa?"

"Nimekwenda, mpenzi! Amekueleza? Kanikaribisha vizuri, tumekula..."

"Umemwambia hoteli imejaa?"

"Imejaa kweli. Viza imetoka, Selestina kajaribu kila njia, hakuna."

"Kwa hiyo mimi ndio kitanda cha akiba."

"Sikuzani, subiri..."

"Watu wanaoa kwa sababu ya mapenzi, wengine mimba, wengine mali. Wewe unaoa kwa sababu hoteli imejaa! Ingekuwa na nafasi ungeniacha?"

"Sikusema hivyo!"

"Mjomba ametunga?"

"Hajatunga, ila..."

 Hilo ndilo lililomuuma. Mujibu hakuwa mwongo, na mjomba hakuwa ametunga.

"Kalale na spea zako," Sikuzani alisema, akakata.

Mujibu alipiga tena, Sikuzani hakupokea. Alituma ujumbe, hakusoma. Asubuhi zikapita bila Fundi Bomba, na wanawake wa kiwandani waliona bosi wao anagomba hata na mizani. Usiku hakulia, maana hakuwa mtu wa kulia, lakini aliosha masufuria yaliyokuwa safi. Dubai, ambayo alikuwa akiiota kwa hamu, ikaanza kuonekana mbali na baridi, na kile chumba alichokichagua kwa kelele na vicheko akakiona kama chumba cha hospitali.

Siku ya tatu au ya nne, Mujibu akatokea kiwandani.

Alikuja asubuhi, wakati moshi wa kukaangia korosho umejaa uani na nyundo za kubangulia zinagonga ko-ko-ko. Shati lake lilikuwa jeupe kama kawaida ila halikupigwa pasi. Sikuzani aliliona hilo kabla ya kitu kingine chochote, akajilaumu kwa kuliona.

"Huyu ndiye wa hoteli?" aliuliza Mama Kurwa, mkubwa wa wabanguaji, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Shikamoo, mama," Mujibu alisema.

"Marahaba. Vyumba vimejaa hapa pia, baba. Tuna gunia tu."

Nyundo zilisimama, vicheko vikapanda. Mujibu alivumilia. Kisha akamgeukia Sikuzani, aliyekuwa amesimama mikono kiunoni, kitambaa kichwani, jivu shavuni.

"Nimepata chumba," alisema.

"Hongera."

"Kwingine. Mbali. Mpaka nibadilishe treni ndiyo nifike Deira. Nimesoma malalamiko, Sikuzani, nimeyasoma yote kama ulivyotufundisha. Bafu maji yanatoka pale yanapotaka. Nimekichukua hivyo hivyo, Selestina amekiweka asubuhi hii."

"Na mimi yananihusu nini?"

"Yanakuhusu, kwa sababu sasa nina pa kulala. Sikosi kitu. Sina shida ya chumba wala kitanda." Alivuta pumzi, akameza na moshi, akakohoa. "Selestina amenieleza ulivyoozwa mara ya kwanza. Sikujua. Nilifikiri nakuheshimu, kumbe nimekufanyia yale yale."

"Kwa nini ulimtajia mjomba chumba? Ungesema kitu kingine!"

"Kitu gani? Nikae mbele ya mjomba wako, mtu mzima, ana ndevu nyeupe, nimwambie kwamba nikisikia sauti yako nauza tairi kwa bei ya kuziba pancha? Kwamba nimeacha kula ming'oko kwa sababu inanikumbusha vidole vyako? Niliona aibu. Nikashika kilichokuwa karibu. Chumba kilikuwa karibu."

Mama Kurwa alishusha nyundo yake chini taratibu.

"Basi sasa uliza," alisema mama yule. "Sisi tuna kazi."

Mujibu akasogea hatua moja.

"Sikuzani, sikuulizi kwa ajili ya Dubai. Hata safari ikifutwa leo, hata ukiniambia niishi Newala na wewe Masasi nikawa nashuka na kupanda mpaka magoti yaishe. Nakutaka wewe. Unanitaka?"

Sikuzani alimtazama. Alitafuta hila usoni mwake, akakosa. Akaona tu mtu aliyeogopa jibu, na mtu wa kuogopa jibu lake hakuwahi kumwona maishani.

"Kiwanda sikiachi," alisema.

"Nani atakilisha hicho kiwanda magunia ya korosho za Newala kama si mimi?"

"Na kila kitu kinachonihusu unaniambia mimi kwanza. Kabla ya mjomba, kabla ya shehe, kabla ya mama yako."

"Wewe kwanza."

"Basi nakutaka, Mujibu. Nakutaka sana, mpaka nimeosha masufuria yakachakaa."

Wanawake walipiga vigelegele mpaka mwenye duka jirani akatoka kuona. Lakini Sikuzani tayari alikuwa anafungua aproni na kupiga simu.

"Mjomba, shikamoo. Ile ndoa... Ndiyo, nimesikia, mjomba, sasa nisikilize na wewe. Ni leo. Baada ya alasiri. Mwite baba mdogo na shehe. Nakuja na mtu wangu."

Kisha akapiga nyingine.

"Selestina, futa chumba cha Mujibu."

"Nimekiweka asubuhi hii! Na ndoa yenyewe iko wapi?"

"Inafungwa leo. Futa, halafu changu kiandike watu wawili. Na funga duka uje Chiungutwa, usije ukasema hatukukualika."

Selestina alipiga kelele ambayo haikuhitaji simu.

Walikwenda kwenye pikipiki mbili, Mujibu mbele, Sikuzani na Mama Kurwa wakibanana kwenye ya nyuma, Sikuzani amevaa doti mpya ya kanga iliyonunuliwa njiani, jivu la shavuni limefutwa kwa haraka. Mzee Suleimani alikuwa ameshatandika mikeka uani. Sikuzani aliiona, akaikumbuka ile ya kwanza. Akabaki amesimama pembeni ya mkeka, asikae.

Baba mdogo, ambaye kisheria ndiye walii wa kumwozesha, alikuwa tayari amenyoosha mkono. Ila kwa watu wa huku walii husubiri mjomba akohoe. Na mjomba hakukohoa. Alimtazama mpwa wake aliyesimama, akamtazama kwa muda, halafu akajikongoja akainuka na yeye, wakawa wamesimama sawa.

"Mwanangu," alisema, "mtu huyu unamtaka?"

Mzee alikuwa hajawahi kumaliza sentensi kwa Sikuzani namna ile, ikiwa na nafasi ya jibu mbele yake.

"Namtaka, mjomba. Kwa hiari yangu."

"Nimesikia," mzee alisema. Akakohoa. "Haya, shehe, soma."

Sikuzani akakaa. Shehe akauweka mkono wa Mujibu ndani ya mkono wa baba mdogo, akaanza, na Mujibu akajibu "Nimekubali" kabla hajaulizwa, ikabidi warudie tangu mwanzo huku uani kote watu wakicheka.