Nilimwambia Mama Yangu Akae Kwenye Foleni

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na sita, ni muuguzi mkunga katika kituo kimoja cha afya huku vijijini Tabora. Jina langu ni Kalunde. Ninayoyaandika haya bado yananiuma, na kama wewe ni muuguzi mwenzangu, naomba uyasome mpaka mwisho.

Mimi ni mtu wa majivuno, nakiri. Mwenzetu mmoja alipohamishwa na mwingine akaenda likizo ya uzazi, nilibeba zamu zao zote. Mganga mfawidhi, mkuu wetu wa kituo, alinikumbusha likizo yangu, nikaikataa. Nani atawazalisha wanawake wa watu? Nilijiona nguzo ya kituo kizima...

Mwili ulianza kunishtaki, nikauziba mdomo. Chakula kilinishinda. Mikono ikawa inatetemeka, na maneno yangu yakawa makali kama pilipili. Mama mmoja mwenye uchungu alilia, nikamfokea mbele ya mama mkwe wake. Mimi, niliyekuwa nikiwaimbia!

Kisha ikaja siku ya sindano. Nilikuwa nimevuta dozi ya mtu mzima, na aliyekuwa mbele yangu ni mtoto mchanga. Sista Roza, muuguzi mwenzangu, alinidaka mkono sindano ikiwa karibu kabisa na paja la mtoto. Hakupiga kelele. Aliniambia taratibu, "Dada Kalunde, nenda nyumbani ukalale."

Je, nilimshukuru? Nilimnunia wiki nzima. Nilisema moyoni kwamba anataka kunichafulia jina.

Mama yangu, ambaye nyumbani tunamwita mayo, alikuwa akiishi Tura, kule kwenye stesheni ya reli. Kila akipiga simu aliniambia njoo upumzike kwangu, nami nilijibu nakuja. Nakuja, nakuja... ikawa wimbo.

Asubuhi moja ya kliniki watu walijaa hadi nje. Nilikuwa nimeinamia meza, sijui hata nilikuwa naandika nini. Nikaona khanga ya mtu mzima mbele yangu, nikasema shikamoo bila kuinua uso. Sauti ikajibu, "Marahaba, mwanangu." Wazee wote huku hutuita mwanangu, kwa hiyo halikunigutusha. Nikamwambia akae kwenye benchi, foleni ni moja kwa wote.

Alikaa. Wagonjwa wakaingia na kutoka, nami nikapita mbele ya lile benchi mara nyingi tu, nikiwa na haraka zangu.

Mchana mlinzi aliniletea kibuyu cha asali na mfuko wa karanga. Akaniambia mama yako amekuachia, amewahi usafiri. Nilisimama nimeshika kibuyu. Mama yangu? Yule kwenye benchi alikuwa mama yangu mzazi?

Nikampigia simu. Mayo alicheka. Alisema alikuja nimpime presha kwa sababu kichwa kilikuwa kinamgonga, lakini aliponiona akabadili nia. "Umechoka kuliko mimi, Kalunde. Nikaona nisikuongezee mzigo."

Nilimwomba asirudi shambani kwanza, na nikaapa kwamba Jumapili nitakuwa kwake na kipimo changu. Jumapili ilipofika mwenzangu mmoja akaomba nimshikie zamu, nikakubali. Wasomaji, nilikubali! Nilisema Jumatatu haiko mbali.

Jumatatu kaka yangu akapiga. Mayo ameanguka kwenye shamba lake la karanga, upande mmoja hauna nguvu. Alifariki njiani, kabla hawajamfikisha hospitali. Mtoto wake ni muuguzi, na presha yake haikupimwa...

Msibani nilikaa nimejifunika, sina hata machozi. Sasa, sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakikatiza Ugogo na mizigo kwenda pwani, na mtani hakasirikiwi msibani. Mama Nyemo, jirani yetu Mgogo na shoga wa mayo, akaingia uani amejifunga shuka jeupe kama muuguzi, kijiti kwapani kama kipimajoto. Akaweka kinu kikawa meza, akainama juu yake asimtazame mtu.

"Shikamoo, kaa kwenye benchi! Foleni ni moja! Nakuja, nakuja, Jumapili nakuja!"

Watu wakaangua kicheko, hata mjomba akafuta machozi kwa kucheka. Mayo alikuwa amemsimulia kila kitu, tena kama kichekesho. Nilitamani ardhi inimeze.

Halafu Mama Nyemo akanifuata nilipokaa. Akanifunga kitambaa mkononi, akajifanya ananipima presha. Alipoinua macho akaniona vizuri, utani ukamwishia. "Jamani, huyu mtoto anaumwa," akasema. "Mwenzangu kila siku alikuwa akiniambia, mwanangu hajalala, mwanangu hajalala." Akanishika mkono, akanilaza kwenye kitanda cha mayo, akakaa mlangoni kuzuia watu.

Hapo ndipo nililia.

Baada ya msiba Sista Roza alinipima. Presha yangu ilikuwa juu kama ya mzee. Nilimwomba radhi, nikachukua likizo niliyoikataa, na kituo hakikufungwa. Wanawake walijifungua salama bila mimi. Hilo liliniuma, kisha likaniponya.

Wauguzi wenzangu, madaktari, ninyi mnaojisifia kutopumzika, nawasihi. Ukiambiwa nenda kalale, nenda. Mikono ikitetemeka, sema. Likizo yako ichukue, na ukiahidi kwenda kwa mama, nenda siku hiyohiyo. Mchovu hamsaidii mgonjwa, anamtazama tu bila kumwona.

Siku hizi mtu akisimama mbele ya meza yangu, nainua uso kwanza ndipo namsalimia. Na kila ninapofanya hivyo, macho yangu hukimbilia lile benchi.