Tupa za Tosoy

Tki, tki, tki. Mlio huo ulimfikia Benilda kabla hajainua macho kutoka kwenye tiketi alizokuwa akiuza. Gati la Danao lilifurika abiria wa visiwa vya Camotes, majogoo wakiwika vikapuni, lakini kimlio kile kilipenya.

"Kaka, unatega bomu kwenye foleni yangu?"

Kijana mwenye fulana iliyolowa mafuta ya mashine alicheka, akamwonyesha silinda tupu ya rivolva kiganjani. "Naisikiliza, dada. Ikidanganya, sikio linajua."

"Na mimi nikikudanganya?"

"Nitapanga foleni kila siku mpaka nikugundue."

"Leo unavuka?"

"Namkatia mama tu. Tupa zangu ziko mezani, lazima nirudi."

Ndivyo walivyosema katika karakana ndogo ya Mzee Epifanio, ambako kijana huyo alichonga rivolva za leseni kwa tupa na sikio. Fundi aliyeacha tupa zake mezani atarudi, aliyezibeba ameaga.

Huyo ndiye Tosoy. Wakapendana. Kila mchana Tosoy alimpigia simu. "Umekula, langga, kipenzi changu?"

"Nimekula samaki. Wewe umekula chuma?"

Jambo moja tu Benilda alimwomba, tena bila utani. Kaka yake, Ruel, alikuwa gerezani kwa bunduki alizotengeneza mafichoni milimani. "Sitabeba chakula cha gerezani kwa wanaume wawili, Tosoy."

"Sitakwenda milimani."

Harusi ikapangwa Mei. Kisha rivolva zikakosa wanunuzi. Walinzi walitaka bastola za magazini, zinazotoka mashineni bila kuhitaji sikio la mtu. Tosoy alipouliza, Mzee Epifanio alifuta miwani. "Labda tutaendelea, labda tutaacha. Sijui, mwanangu."

Wiki hiyo simu ya Tosoy ikazimika. Benilda akavaa gauni lake la manjano, lile analolipenda Tosoy, akaenda karakana. Jiliwa la kubania chuma lilikuwa wazi. Meza ilikuwa tupu.

"Amebeba tupa?"

"Amebeba." Mzee hakumtazama. "Juzi walikuja watu wa milimani kumtaka."

Benilda alirudi nyumbani, akalia na gauni lake mwilini. Jioni simu ikaita.

"Langga—"

"Kawaite hivyo wenzako wa milimani!" Akakata.

Asubuhi sauti ileile ikasema mbele ya dirisha lake la tiketi, "Moja, ya Camotes."

"Milimani hakuendi feri."

"Wale niliwafukuza. Tupa nilizipeleka Ormoc, ng'ambo ya Camotes, kwa fundi wa injini za meli, aone mkono wangu. Simu iliingia maji baharini; jana nilipiga ya kuazima."

"Akasemaje?"

"Amenichukua. Kama mwanagenzi, Benilda. Nitalala karakanani kwake. Harusi ya Mei..." Hakumaliza.

"Na rivolva zako?"

"Ya mwisho nimeiacha kwa Mzee, silinda haijakaa sawa. Inangoja mimi, au inangoja kutu."

Nyuma mtu akafoka, "Dada, mahaba baadaye, feri inaondoka!"

Tosoy akafungua begi, akaweka kwenye kaunta furushi la kitambaa. Tupa.

"Huko utafanya kazi kwa tupa zipi?"

"Kwa zao."

Honi ikalia. Benilda akaikata ile tiketi polepole, machozi yakidondoka juu ya kitambaa, kisha akalifunika furushi kwa viganja vyote viwili.

Tosoy akasema kwa sauti, foleni nzima ikasikia: "Tupa zangu ziko mezani kwako, Benilda. Nitarudi kuzichukua, na hazitagusa kamwe bunduki ya mafichoni."