Injini Iliyotoka Luapula

Jambo hili lilimpata rafiki yangu Anaclet Mwenze, fundi wa injini hapa Élisabethville, Jumanne tarehe 14 Septemba 1948. Aliletewa kwa lori mashua ambayo fundi wake wa kwanza alikufa maji mtoni Luapula. Injini yake ilikuwa ikipata moto kupita kiasi na kuingiza maji.

"Utapanda mu ile mashua kesho?" aliuliza mkewe, Virginie.

"Nimetosha mayi yote inje ya injini, mama. Lakini chuma iko moto, na siyaiwasha bado."

Kesho yake alfajiri akaingia gizani mwa mashua, akagusisha bisibisi kwenye injini, akatega sikio kwenye mpini wake, kama mafundi wafanyavyo, akitarajia tone la maji. Ndani ya chuma kilichomuunguza kiganja, alisikia meno ya mtu yakigongana kwa baridi.